Barua Ambayo Mdogo Wangu Hakuiandika

Mimi ndiye niliyemshauri mdogo wangu akamwambie bosi wake ukweli. Naanza na hilo ili asije mtu akalisema nyuma ya mgongo wangu.

Mdogo wangu alifanya kazi kiwanda cha mablanketi miaka ishirini na sita, chumba cha rangi. Kiwandani walimwita Jicho, na jina likamkaa mpaka watoto wa majirani wakawa wanamwamkia "Shikamoo Mama Jicho" bila kujua lilitoka wapi. Lilitoka kwenye kazi. Nyuzi za blanketi hutiwa rangi kwenye mapipa makubwa yanayotoa mvuke, na kijani cha mwaka huu lazima kifanane na kijani cha mwaka jana, la sivyo mteja anarudisha mzigo. Kila rangi ilikuwa na kadi yake: kishungi cha uzi kimefungwa kwenye tundu, na chini yake vipimo vya unga wa rangi. Kuisoma kadi mtu yeyote angeweza. Lakini ukiifuata kama ilivyoandikwa, utatoa kijani kama cha mtu mwenye homa ya manjano, kwa sababu maji ya kiwanda hayakuwa maji mamoja. Miezi ya mvua yalitoka mtoni. Miezi ya jua yalitoka kisimani, mazito, na chumvi ndani yake. Siku ya maji ya mto unapunguza nyekundu, siku ya maji ya kisima unaongeza siki ili rangi ishike. Kiasi gani, hakikuandikwa popote. Mdogo wangu alionja maji kwa ncha ya ulimi, akatema, akajua. Kisha alichovya kishungi, akakikamua, akakikausha juu ya bomba la mvuke, akatoka nacho mlango wa nyuma, kivulini, si juani wala kwenye taa, akakilinganisha na kile cha kadi.

"Bado," anasema. Au, "Haya, tieni."

Mapipa sita yalikuwa yanasubiri neno lake, na wanaume wenye vifua kama milango wamesimama na makasia yao ya kukorogea, hawagusi kitu.

Nilijivunia, sifichi. Siku moja niliona blanketi dukani nikamwambia muuzaji, "Rangi hii ni ya mdogo wangu." Akaniangalia kana kwamba nimesahau dawa zangu nyumbani.

Kiwanda kilimpa nyumba, vyumba viwili, mstari wa tatu ukitoka langoni. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa fundi wa mashine za kufumia palepale, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kulia kikamfunga na ulimi. Mdogo wangu aliona bomba la chuma kwenye vyuma chakavu vya kiwanda, akaomba, wakamwambia chukua. Akaleta mchomeleaji, likafungwa ukutani usawa wa kiuno, kuanzia kitandani, kupita mlangoni, mpaka kwenye benchi la nje. Shemeji alilishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaburuta mguu. Mwaka wa kwanza alifika mlangoni. Mwaka wa pili alifika kwenye benchi. Akawa anakaa pale asubuhi nzima anasikiliza mashine zinavyounguruma ng'ambo ya ukuta, na ikiwepo inayoumwa anaonyesha kwa kidole. Lile bomba lilisuguliwa na kiganja chake mpaka likang'aa kama kijiko.

Kwa hiyo kazi ya mdogo wangu haikuwa kazi peke yake. Ikienda kazi, inakwenda nyumba. Ikienda nyumba, linakwenda bomba.

Basi mvuke ukaanza kumla kifua. Alikohoa akiinama, alikohoa akicheka. Daktari akamwambia atafute kazi ya hewa safi, kama vile hewa safi inauzwa kwa kilo. Muda si mrefu mama mmoja mwenye karakana ya mazulia, mnene, mcheshi, akakutana naye sokoni.

"Jicho, njoo kwangu. Sisi tunatia rangi uani, juu mbingu chini ardhi, hutakohoa tena. Na nyuma ya karakana kuna nyumba ndogo naimalizia, utakaa wewe na mzee wako."

"Lini?"

"Nipe miezi mitatu nipaue."

Wakapeana mikono juu ya fungu la vitunguu. Hapakuandikwa kitu.

Jumapili nilikwenda kwake. Tulikaa nje, shemeji kwenye benchi lake, mimi kwenye kiti, mdogo wangu kwenye ndoo aliyoipindua. Akaniuliza, "Dada, unaonaje? Ninyamaze mpaka yule mama apaue ndiyo niage? Au nimwambie meneja mapema?"

Hapo nikavimba. Mimi nilipika kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, bibi wa watu, miaka thelathini na moja, na nilipotaka kuacha nilimwambia miezi sita kabla. Alilia. Akanipa cherehani yake, akanisindikiza mpaka barabarani. Nilidhani mabosi wote wa dunia hii wamezaliwa na mama mmoja na yule bibi.

"Mtu mzima haondoki kazini kama mwizi wa kuku," nikamwambia. "Nenda kamwambie kwa adabu. Miaka ishirini na sita, atakuheshimu."

"Na nikisema halafu yule mama wa mazulia akageuka?"

"Kwani utakuwa umeacha? Si umesema unafikiria tu? Tangu lini mtu akafungwa kwa kufikiria?"

Shemeji akatikisa kichwa. Maneno yake siku hizo yalikuwa machache, kila moja alilivuta kama ndoo ya kisimani.

"U-si-seme," akasema.

"Shemeji, wewe pumzika," nikamwambia. "Wewe ulikuwa mtu wa mashine, haya ya ofisini huyajui."

Alinitazama kidogo. Kisha akageuza uso kule ziliko mashine.

Jumatatu mdogo wangu akaenda. Yaliyosemwa huko ofisini alinisimulia neno kwa neno, na mimi neno nikishalisikia halinitoki.

Meneja wao walimwita Taratibu. Aliyemtangulia alikuwa mpiga kelele, akikasirika anatupa kofia chini na kuikanyaga, na ikishakanyagwa mambo yamekwisha, mnaendelea na kazi. Taratibu hakuwahi kupandisha sauti. Aliongea kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Karibu, mama, kaa. Kuna nini?"

"Bosi, sijakata shauri, lakini sikutaka usikie pembeni. Kifua kinanisumbua. Kuna mtu wa mazulia ananiita. Nafikiria huenda nikaacha, labda baada ya miezi mitatu, labda nisiache."

"Umefanya vizuri sana kuniambia. Wangapi wangekuja kuniambia? Wewe ni mama wa kiwanda hiki." Akamsogezea kikombe cha chai. "Fikiria, mama. Hakuna haraka. Ukienda, nitakuandikia barua nzuri. Ukibaki, nitakutafutia kazi ya kukaa. Mimi niko upande wako."

"Asante, bosi."

"Ila nisaidie jambo moja. Nina dada mmoja hapa ofisini, msomi, mpole. Mfundishe kidogo. Hata ukiugua siku mbili, tusikwame."

Mdogo wangu alikuja kwangu mbiombio siku hiyo, anacheka na kukohoa. "Dada, ulisema kweli! Amenipa na chai!"

"Sikukwambia?" nikasema. Mdomo huu huu.

Huyo dada alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, mama wa watoto wawili, nadhifu. Aliingia chumba cha rangi na kalamu tatu mfukoni na daftari la jalada gumu, na kabla ya saa sita wale wakorogaji walikuwa wameshampa jina, Kalamu.

"Kalamu, hilo daftari lako halitaota ukungu na mvuke huu?"

"Litaota, kaka, lakini limeandikwa."

Mdogo wangu alimpenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alimfundisha kadi zote, arobaini na mbili. Alimfundisha kuonja maji.

"Nini ulimini?"

"Naona kama... chumvi, mama."

"Hiyo ni ya kisima. Tema. Leo siki vikombe viwili na nusu. Kesho ukionja tope, usitie siki, punguza nyekundu kijiko kimoja cha chai, si cha chakula, utaua blanketi. Nikishaondoka huna wa kumuuliza."

Kalamu anaandika. Mdogo wangu alikuwa na tabia hiyo, kila akifundisha anamalizia na "nikishaondoka", kama mzee anayegawa vyombo. Hakuna aliyemtuma kusema. Ilikuwa namna yake ya kukaza somo, ili mwanafunzi asilale.

Ningekuwa na akili ningemwambia amfundishe nusu. Lakini hata ningemwambia asingeweza. Hakuwa mtu wa kuvumilia blanketi bovu litoke kwenye chumba chake, hata kama yeye hayumo. Siku moja Kalamu alikosea kijivu, akataka kukipitisha. Mdogo wangu akamrudisha mlango wa nyuma mara nne na kishungi mkononi.

"Tazama tena."

"Mama, mimi naona sawa."

"Unaona sawa kwa sababu una njaa. Kula kwanza, urudi."

Akala, akarudi, akaona. "Kina bluu nyingi!"

"Ehe! Sasa una jicho moja. La pili litakuja."

Na kila Ijumaa Taratibu alipita. Mikono nyuma, anatabasamu. "Mama, umefikiria umefika wapi?"

Na yule mdogo wangu, kwa kuwa alishavikwa kilemba cha ukoka, anamjibu kila kitu. Kwamba yule mama ameshapandisha kuta. Kwamba bado mabati. Kwamba usiku uliopita kifua kilimbana akalala amekaa. Mwanamume anatikisa kichwa kwa huruma, "Pole sana, pole sana," anaondoka.

Mwezi wa tatu tangu aende kusema, siku ya Jumanne, alikuta kabati la kadi lina kufuli jipya. Akauliza ufunguo. Wakorogaji wakatazama mapipa. Mmoja, mkubwa wao, akasema chini chini, "Mama Jicho, unaitwa ofisini."

Chai haikuwepo. Kulikuwa na karatasi, na Kalamu ameketi pembeni na daftari lake magotini.

"Mama, tumepokea kuacha kwako kazi," Taratibu akasema kwa sauti ileile. "Kwa masikitiko makubwa. Hii ni barua ya kulikubali ombi lako."

"Ombi gani? Mimi sijaandika barua."

"Ulisema kwa mdomo."

"Nilisema nafikiria!"

"Mama, tusibishane." Akamgeukia Kalamu. "Soma."

Na Kalamu akasoma. Tarehe tano, amesema nikishaondoka msisahau kuosha pipa la njano. Tarehe kumi na moja, amesema nikishaondoka huna wa kumuuliza. Tarehe kumi na tisa, tarehe ishirini na mbili mara mbili. Ukurasa baada ya ukurasa, katikati ya siki na vijiko vya nyekundu, kwa mwandiko mzuri ulionyooka.

Mdogo wangu alimwuliza yeye, si meneja. "Mwanangu, na haya uliyaandika?"

Kalamu hakuinua uso. "Niliambiwa niandike kila kitu, mama."

Nyumba, karatasi ilisema, irudishwe ndani ya siku kumi na nne, kwa kuwa mfanyakazi ameondoka kwa hiari yake. Kwa hiari. Nililisoma neno hilo mara nyingi, nilidhani nikilitazama sana litageuka.

Tulikwenda mimi na yeye kwa yule mama wa mazulia siku ya pili yake. Nyumba ilikuwa imepauliwa, mabati mapya yanawaka jua. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani. Yule mama akatukaribisha, akatupa viti, lakini ucheshi wote ulikuwa umemwisha.

"Jicho, usinichukie. Nilipiga simu kiwandani kwenu kuulizia, ndiyo kawaida yangu kwa kila fundi. Meneja akanijibu vizuri sana, akakusifia. Ila akasema kifua chako kimekwisha, unalala umekaa, na ndiyo sababu unaacha."

"Hicho kifua ni cha mvuke. Kwako si hakuna mvuke?"

"Ukinifia uani je? Mimi ni mwanamke peke yangu." Akafuta jasho kwa kanga. "Nimeshamchukua mtu mwingine. Nisamehe, mwenzangu."

Kwa hiyo yale yote mdogo wangu aliyomwambia Taratibu kwa adabu, hakuna hata moja lililopotea. Aliyatumia yote, kama mpishi hodari asiyetupa maganda.

Nikamwambia twende tukashtaki. Tulikwenda ofisi ya kazi, tukakaa kwenye benchi asubuhi mbili. Karani kijana, mstaarabu, akaisoma barua akauliza swali moja. "Mama, ulimwambia au hukumwambia?"

"Nilimwambia nafikiria."

"Una shahidi kwamba ulisema unafikiria?"

Mdogo wangu akacheka, kicheko kikavu kikamgeukia kikohozi. Shahidi wake ndiye aliyekuwa na daftari.

Siku ya kuhama nilikuwepo. Mkokoteni mmoja ulitosha. Wale wakorogaji walikuja wakati wa mapumziko ya chakula wakabeba kitanda. Nilikuwa nimeleta fundi na msumeno wa chuma, tukate bomba. Mlinzi wa lango, mzee wa makamo yangu ambaye miaka yote alimpungia mkono shemeji pale kwenye benchi, akaja anavuta miguu.

"Mama, bomba libaki."

"Tulipewa hili. Lilikuwa takataka!"

"Najua. Nilikuwepo. Lakini limeandikwa kwenye orodha ya nyumba." Akatazama chini. "Mimi nami nina nyumba humu ndani, mama."

Shemeji alikuwa bado amelishika. Mdogo wangu alimfungua vidole kimoja kimoja, anaongea naye polepole kama anamfungua mtoto shati, na alipofika kidole cha mwisho shemeji alitoa sauti ambayo si neno.

Walihamia kwangu. Nina vyumba viwili, mimi nikalala na mdogo wangu, shemeji tukampa kile chenye dirisha. Nikafunga kamba nene kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikaikaza kwa mikono yangu. Kamba haisimami kama chuma. Ukiiegemea inakwenda na wewe. Siku ya pili alianguka akapasua nyusi, na tangu hapo hakutaka tena kushuka. Miaka miwili ya kufika kwenye benchi iliisha ndani ya wiki moja.

Mdogo wangu sasa anashonea watu vifungo na kupindia nguo, kazi ya kukaa, kama alivyoahidiwa. Kifua kimepata nafuu kidogo. Hajawahi kunilaumu. Ningependa anilaumu, ili nipate la kumjibu.

Msimu wa baridi uliopita mjukuu wangu alininunulia blanketi, jipya, la kijani. Nililificha nikijua linatoka wapi, mdogo wangu akaligundua akalitoa. Akalipeleka mlango wa nyuma, kivulini. Nilimfuata nikiomba kimoyomoyo liwe limeharibika, liwe na homa ya manjano, ili nijue wale watu wamepata hasara ya kumfukuza. Alilikunjua upande, akalipinda, akalileta karibu na uso.

"Likoje?" nikamwuliza.

"Ni lenyewe," akasema. "Hata siki ameipima sawasawa." Akalikunja vizuri, pembe kwa pembe. "Yule msichana ana macho mawili."

Usiku huo nililala chini ya kijani cha mdogo wangu kilichotiwa na mkono wa mwingine, na blanketi lilikuwa na joto kama kawaida.

Asubuhi yake niliingia chumba cha shemeji na uji. Nikaweka kikombe, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimejipanga. Mimi si mtu wa kuomba radhi, waulize wote wanaonijua.

"Shemeji," nikaanza, "ile Jumapili uliyonikataza, mimi..."

Akainua mkono wa kushoto.

"U-si-seme."

Sijui alikuwa ananisamehe au ananinyima msamaha. Nilisimama, nikageuka, nikarudi nyuma mpaka miguu yangu ikagusa kitanda, nikamwambia, "Shika hapa." Halafu nikasikia kiganja kile, kigumu, laini katikati pale kilipokuwa kinashikana na chuma, kikinikamata begani.

Siku hiyo tulikwenda hatua mbili. Ndivyo tunavyofanya sasa kila asubuhi, kabla mdogo wangu hajaamka. Mimi nina miaka sabini na nane na goti la kulia linanigomea kwa hiyo tunasimama mara kwa mara, yeye kwa mguu wake, mimi kwa goti langu. Mpaka mlangoni ni hatua kumi na moja. Tumefika sita.